Magunia Arobaini ya Sukari ya Kabaila

Nianze kwa kukiri kabisa, maana hapa tumebaki watu tunaojuana: mimi mnayeniona, mama mzima mwenye wajukuu wawili, niliwahi kusababisha mgambo wawili wenye marungu washuke ukingo wa Lyamba lya Mfipa kwa miguu, mpaka karibu na Muze, kwenda kutafuta sukari ambayo haikuwapo duniani, sukari niliyoitunga kwa kichwa changu mwenyewe nikiwa kidato cha tatu. Mpaka leo nikikumbuka najifunika kanga usoni, hata nikiwa peke yangu jikoni.

Ilikuwa miaka ile ya foleni. Mliokuwapo mnaijua. Sukari ilikuja ikitaka, sabuni tulikata vipande vidogo kama biskuti, na Sumbawanga yetu ikiwa mbali na kila kitu, lori likipata pancha Tunduma basi sisi huku tunakunywa chai ya chumvi mwezi mzima. Lakini jamani, tulikuwa na raha! Baba yangu alikuwa bwana shamba, Mnyakyusa aliyehamishwa kutoka Mbeya, tukakaa Malangali, kata ya hapo hapo Sumbawanga, na mimi nikaukuta ubaridi wa Ufipa na upepo wake wa Juni unaopita mpaka kwenye mifupa, nikaupenda mara moja.

Mchezo wenyewe tuliachiwa na mwalimu wa hisabati, mzungu wa kujitolea, ambaye alipomaliza muda wake aligawa vitu vyake, wenzetu wakapata sweta na sufuria, sisi watatu tukapata sanduku la karatasi lenye vitabu viwili na madadu ya ajabu, mengine yana pande nane, moja lina pande ishirini. Sisi watatu ni mimi, Crispin ambaye ni Mfipa wa pale pale Malangali, na Zuhura, binti wa wavuvi wa Kipili aliyekuwa akisoma kwetu na kukaa kwa shangazi yake. Tulivisoma vitabu vile kwa kamusi muhula mzima. Mchezo hauna ubao. Mmoja anakuwa msimulizi, yaani anatunga nchi na mapango na adui na hazina, wenzake kila mmoja anakuwa shujaa, anasema anafanya nini, halafu dadu linaamua kama amefaulu au amekufa. Msimulizi nikawa mimi (kwa sababu nilikuwa na mdomo, wala si kwa sababu nyingine). Kila Jumamosi mchana tulikaa chumbani kwa kina Crispin, jiko la mkaa katikati, maharage yakichemka juu yake, na sisi tukipigana na majitu.

Adui wa kwenye kitabu tulimwona hana maana, mnyama gani sijui wa Ulaya anayetoa moto puani, tukamwacha. Sisi tulikuwa watoto wa somo la siasa, adui tulimjua: nikamtunga Kabaila. Huyo Kabaila nilimpenda kupita kiasi, hapo ndipo lilipoanzia kosa. Kila wiki nilimwongezea nguvu. Upanga haumkati, mshale haumchomi, anarusha radi mara tatu kwa siku, na ili umjeruhi lazima dadu la pande ishirini likupe kumi na nane au zaidi. Zuhura alikufa mara tatu mfululizo. Mara ya tatu aliyachukua maelezo yangu yote, akayatia kwenye jiko chini ya maharage, yakaungua.

"Mimi sichezi tena," akasema. "Mtu wako hauawi, halafu hata tukimwua tunapata nini? Dhahabu! Dhahabu ya nini hapa, Tuse? Utafulia nguo?"

Crispin naye akamuunga mkono. "Kweli. Weka hazina ambayo mtu akiisikia anataka kufa kwa ajili yake."

Basi nikaamua jambo dogo tu, na mimi nikajiona nina akili. Dhahabu nikaifuta. Nikaweka magunia arobaini ya sukari, katoni sitini za sabuni ya mche, madebe mia ya mafuta ya taa, betri za redio, viberiti, vitenge, na baiskeli moja mpya yenye dinamo. Halafu kwa kuwa Kabaila angehitaji mahali pa kujificha, nikampa sura ya binadamu: anaishi Malangali, anauza duka, amevaa koti la kijivu lililokosa kifungo cha pili, na kabla ya kukujibu anakohoa mara mbili halafu anasema, "Bado haijafika."

Sasa mtu huyo yupo. Ni Mzee Gaudensi, meneja wa duka la ushirika, baba yake Crispin mwenyewe! Mtu mpole, mcha Mungu, ambaye kosa lake pekee ni kwamba duka lake lilikuwa tupu kama mengine yote. Nilifikiri Crispin atacheka. (Na angecheka kweli, tungeishia pale chumbani.)

Kwa kuogopa jiko la Zuhura, safari hii nikataka kuwa na nakala. Ijumaa jioni baba akiwa shambani anawaonyesha wakulima namna ya kupanda maharage juu ya ntumba, yale matuta ya Kifipa yanayofukiwa majani, mimi niliingia ofisini kwake, nikatia karatasi mbili na kaboni katikati kwenye mashine yake ya chapa, nikapiga kila kitu. Juu, ili Crispin asichungulie, nikaandika TAARIFA YA SIRI. Chini nikaeleza njia ya kwenda pangoni, na kwa kuwa sikujua kutunga barabara nikaandika zile ninazozijua: pita josho la ng'ombe, fuata njia ya Muze, ukianza kuteremka Lyamba hesabu mikunjo saba, pango liko kushoto; mwisho kabisa nikamwekea radi zake. Nikasikia baiskeli ya baba. Nikachomoa zote, nikakimbia na karatasi ya juu. Ile ya chini nikaisahau mezani juu ya ripoti ya mbegu.

Jumamosi asubuhi tarishi akabeba ripoti ya mbegu pamoja na kila kilichokuwa juu yake, akapeleka ofisi ya kata.

Mjue kwamba ndiyo ilikuwa miezi ya msako wa walanguzi, watu wanafukia sabuni uani na mgambo wanazifukua. Saa nne tulikuwa kwenye foleni ya duka, watu kama mia hivi, wanawake na ndoo zao, Zuhura mbele yangu, maana ilisemekana sukari ingegawiwa. Mzee Gaudensi alikuwa mlangoni na koti lake. Tukamwona Katibu Kata anakuja, mgambo nyuma yake, mkononi ana karatasi, na baba yangu akitembea kandoni kwa sababu walipita kumchukua, karatasi imetoka ofisini kwake.

"Ndugu wananchi," Katibu akasema, "leo tumempata mnyonyaji." Akakohoa kidogo, akasoma kwa sauti ya mkutano wa hadhara. "Magunia arobaini ya sukari!"

Foleni yote ikaguna. Mimi kwanza na mimi niliguna, nawaambia ukweli, nikawaza huyo mtu ana roho mbaya kweli.

"Katoni sitini za sabuni ya mche! Baiskeli moja mpya, yenye dinamo!"

Aa. Hapo kwenye dinamo nikaitambua hazina yangu. Nikamshika Zuhura bega, Zuhura akageuka, akanitazama, akasema polepole, "Tuse, umefanya nini?"

Katibu akaendelea: anaishi Malangali, muuza duka, koti la kijivu, kifungo cha pili. Watu mia wakageuka kumtazama Mzee Gaudensi, na yeye, masikini, akaangalia koti lake mwenyewe kama analiona kwa mara ya kwanza, halafu kwa woga akakohoa. Mara mbili. Mama mmoja akapiga kelele, "Ndiye!" Mgambo wawili wakatumwa hapo hapo kwenda pangoni, wakaondoka mbio na katambuga zao za matairi zinapiga chini pa pa pa.

Bado ningeweza kunyamaza, na nilikusudia kunyamaza, nisijifanye shujaa hapa. Lakini Katibu akafika mstari wa mwisho, akausoma kabla hajauelewa: "Anarusha radi mara tatu kwa siku."

Mgeni wa kwetu hawezi kujua uzito wa neno hilo, lakini nyinyi mnajua Sumbawanga inavyosemwa nchi nzima kwa uchawi wa kutumiana radi, na mnajua mtu akishanyooshewa kidole cha namna hiyo hanyooshewi nusu. Foleni ikarudi nyuma hatua tatu, wanawake wakavuta watoto. Ulanguzi ungempeleka mahabusu, lakini hili lingeweza kumchomea nyumba. Crispin alikuwa ametokea nyuma ya duka, amesimama karibu na baba yake, na ni yeye peke yake aliyebaki karibu. Alikuwa ananitazama mimi.

Nikatoka kwenye foleni. "Shikamoo Ndugu Katibu. Ni mimi."

"Marahaba. Wewe ndiye mlanguzi?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyemtunga."

Baba aliichukua ile karatasi, akaitazama herufi ya m, ambayo kwenye mashine yake iliruka juu ya mstari kila mara, kisha akanitazama mimi. Mpaka kesho sijaona macho yale tena. Nikaeleza mchezo, kadiri ninavyoeleza ndivyo ninavyoonekana mwongo, mwishowe Katibu akasema basi, leteni hicho kitu kichezwe hapa. Crispin akakimbia kuleta sanduku. Katibu akalishika dadu, akaligeuza. "Hili si dadu. Dadu lina pande sita, hata mlevi anajua."

Na hivyo ndivyo nilivyosimama juu ya kreti ya soda mbele ya wananchi wa Malangali, mchana kweupe, nikasimulia: "Ndugu Katibu, umeingia pangoni. Kuna giza. Unasikia mtu anakohoa." Ikabidi nikohoe! Mara mbili, huku Mzee mwenyewe ananisikiliza! "Kabaila anatokea. Unafanya nini?"

"Namkamata kwa mujibu wa sheria."

"Rusha dadu."

Akarusha juu ya kaunta. Nne.

"Radi imekupiga," nikasema, na machozi yakinitoka. "Umekufa."

"Nimekufaje? Mimi kiongozi!" Akarusha tena. Saba. Akafa. Akavua kofia, akarusha. Mbili. Mtu mmoja nyuma akacheka, wa pili akacheka, na yule mama aliyesema "ndiye" akapaza sauti, "Wewe mtoto, huyo Kabaila wako umemzidishia! Mpunguze nguvu!" Zuhura akajibu kwa nguvu zote, "Si ndicho ninachomwambia kila siku!" Foleni nzima ikaangua kicheko, hata Katibu, hata baba aligeukia ukutani mabega yakimtikisika. Mzee Gaudensi naye akaomba dadu, akasema kama Kabaila ni yeye basi na ajitetee, akapata kumi na tisa, watu wakampigia makofi. Mgambo walirudi kesho yake saa kumi jioni, vumbi mpaka kwenye kope, wakaripoti kwamba mikunjo ni tisa, si saba, na pangoni wamefukuzwa na nyani.

Adhabu yangu ilikuwa kufukia majani kwenye ntumba za shamba la shule likizo nzima, na jina la Kabaila nililibeba mpaka namaliza shule. Hayo yalipita na leo nayacheka. Nikifumba macho naona lile jiko na maharage, naona Zuhura amefura kwa sababu shujaa wake amekufa, na natamani nirudishiwe Jumamosi moja tu.

Ambalo silicheki ni la Novemba. Mvua za kwanza zilikuja na radi kama kawaida ya Ufipa, ikapiga zizi la mtu jirani na duka, ng'ombe wawili wakafa. Hakuna aliyemtaja Mzee. Lakini asubuhi yake foleni ilisimama mbali kidogo na mlango, hatua tatu, wale wale waliocheka. Na siku zilizofuata pia. Mwezi wa kwanza Mzee Gaudensi aliomba uhamisho, akapangiwa duka la Kipili.

Nilikwenda siku wanapakia mizigo. Crispin alinipa mkono bila kuniangalia. Nikapiga goti kwa Mzee, "Shikamoo baba, naomba unisamehe."

"Marahaba mwanangu," akasema. "Mimi nilikusamehe siku ile ile, na hata nilifurahi, sikuwa nimecheza kitu tangu nioe." Akafunga kamba ya godoro, akaivuta, akaifunga tena. "Ila mimi ni mmoja tu. Hao wengine wewe utawafikia wote?"

Sikuwafikia. Nilikuwa nimejaribu tangu Novemba, nyumba kwa nyumba, wananikaribisha vizuri, wananiambia ah, mchezo tu ule, tunajua, halafu lori lilipoondoka walisimama mlangoni wakatazama mpaka lilipopotea, na hakuna aliyepunga mkono. Nimetunga hadithi nyingi tangu hapo, za darasani na za wajukuu, na maadui nimewatunga wa kila namna. Lakini nguo za jirani sikumvika adui tena, na sitamvika.