Leso Iliyofuliwa

Nilisikia kwanza nguo ikipigwa jiweni. Pa. Kimya. Pa. Nilikuwa nimelala alasiri kitandani mwa mama, na kabla macho hayajafunguka mkono ulikwishaingia chini ya mto kutafuta. Hapakuwa na kitu.

Nilishuka ngazi mbio. Uani, mama mkubwa, dadake mama, alikuwa ameinamia beseni na leso ya mama imelowa mikononi mwake.

Khitma ya mama ilikuwa imesomwa majuzi. Desturi yetu, nguo za marehemu hutolewa sadaka, na sadaka haitolewi chafu. Kwa hiyo mama mkubwa alikuja kwa miguu kutoka Mbaraki akaanza kufua kila kitu. Ilikuwa miaka ile ya tisini, mifereji ya Mji wa Kale imekauka, twanunua maji ya mkokoteni, naye akawa anayamalizia kwenye nguo. Ile leso nilikuwa nimeificha makusudi chini ya mto, naye akaichomoa nikiwa usingizini. Ilikuwa na mafuta ya nazi ya nywele za mama, moshi wa jikoni, jasho lake. Nisipojifunika nayo usoni, usingizi hauji.

"Umeiosha," nilisema.

"Ilikuwa na harufu, mwanangu."

"Harufu ya nani?"

"Subiri," alisema, akiikamua. "Ukilia wamwadhibu mamako kaburini."

"Hayo nimeambiwa na kila aliyekuja kula pilau yetu. Wewe usiniambie."

Nikamnyang'anya leso nikaipiga jiweni, nikaipiga tena, nikalia kwa sauti, kilio nilichokatazwa tangu jeneza lilipotoka mlangoni. Nililia kama mtu atapikaye. Jirani akachungulia dirishani.

"Mnyamazishe, haifai."

Mama mkubwa, povu mpaka viwikoni, hakuinua hata kichwa. "Funga dirisha lako, bibi. Wewe hukufiwa."

Kisha akanisukumia beseni kwa mguu. "Mashuka bado."

Nikafua na kulia, yeye akikamua. Mara moja nilimwona akijifuta uso kwa bega, na maji ya beseni hayakuwa yamemrukia huko juu. Sikumwonea huruma. Vidole vilinichubuka, mabega yakaniuma, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikahisi njaa, njaa ya kweli, nikala mkate mkavu nimesimama pale pale.

Jua lilipopungua alifunga furushi. Leso ilibaki kambani.

"Hiyo nikuachie?"

Niliiinua puani. Sabuni. Sabuni tupu, kama nguo ya mtu yeyote.

"Ichukue. Mwenye haja aivae."

"Umenisamehe?"

"Bado."

"Mamako naye alikuwa na kinyongo hivyo hivyo," alisema, akaiangua leso, akajitwika furushi, akatoka. Nikaufunga mlango nyuma yake kwa nguvu mpaka komeo likalia.