Chupa Niliyoibeba Kwapani

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, anayeumba ndani ya giza la matumbo, na anayetungoja hata tunapochelewa. Namshukuru kwa umri alionipa, maana leo naweza kuiandika aibu yangu ya zamani bila kuificha.

Nilimwoa Mwanaidi muda mfupi baada ya Uhuru. Tulilima mahindi na pamba upande wa Mvumi, wilayani Kilosa. Nilikuwa nimesoma chuo cha Kurani, nikawa naadhini msikitini kwetu. Watu waliniheshimu, na heshima ile niliipenda.

Kitu kimoja sikumwambia mtu. Tangu ujanani korodani yangu ya kushoto ilikuwa nzito. Nikisimama shambani kwa muda mrefu ilivuta na kuuma hadi kinenani, na juu yake niligusa mishipa laini iliyojikunja kama minyoo. Nikilala, maumivu yalipoa. Niliacha kuoga mtoni na wanaume wenzangu. Nikajiambia ni ngiri tu.

Miaka ikapita bila mimba. Tukahamia kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa mistari kama madawati ya shule. Alfajiri wanawake waliitana mlango kwa mlango: Mama Asha, Mama Juma, Mama Tatu, twende kisimani! Kwenye mstari wetu, mke wangu peke yake ndiye aliyeitwa kwa jina lake.

Alikunywa mizizi michungu hadi akatapika nyongo. Kisha akaenda hospitali Kilosa, peke yake, mara nne. Walimpima, wakamtibu kwa sindano, halafu wakamwandikia kwenda hospitali kubwa kupigwa picha. Dawa hupitishwa ndani ya kizazi kwa mpira mwembamba, ndipo eksirei ionyeshe kama mirija imeziba. Alirudi akitembea ameinama.

"Imeuma?" nikamwuliza.

"Imeuma. Lakini mirija iko wazi. Sasa daktari anakuita wewe." Akaniwekea mkekani chupa ndogo yenye kizibo. "Anataka mbegu zako azipime."

"Zipatikane vipi? Kwa mkono? Hiyo haramu, Mwanaidi. Mimi ni mtu wa kuadhini."

Aliifuta chupa kwa ncha ya kanga, akaiweka juu ya ukuta, chini ya paa. Ikakaa pale miaka miwili. Kila nilipoinua macho niliiona.

Kwao Mwanaidi, mtoto huhesabiwa ukoo wa mama. Kwa hiyo aliyekuja kudai hakuwa mtu wa upande wangu, bali mjomba wake, Mzee Kibwana wa Msowero.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Sikuja kula. Mkwe, wewe ni mtu mwema, lakini watoto ni wa ukoo wetu. Umetufungia ghala, na ufunguo umeukalia."

"Mungu hajapenda, mjomba."

"Mungu, au wewe? Namchukua mpwa wangu. Mahindi yakishavunwa, kama huna neno jipya, utamwandikia talaka."

Mwanaidi alinitazama. Alikuwa akisubiri neno moja tu kutoka kwangu. Nikanyamaza. Akafunga mzigo wake, akaondoka nyuma ya mjomba wake. Niliporudi ndani, chupa haikuwepo. Nilidhani ameitupa kwa hasira.

Siku zile sitaki kuzirefusha. Nilipika ugali wa mtu mmoja, na kila siku ukazidi. Nyumba zilikaribiana hivi kwamba nilisikia mtoto wa jirani akikohoa, na bado sikuwa na wa kumwambia "habari za kuamka". Nikakimbilia Mikumi, kwenye kibarua cha kufyeka nyasi kando ya barabara. Huko nako wenzangu walipozungumza habari za watoto wao, nilijifanya nanoa fyekeo.

Ijumaa moja, baada ya swala, nilimfuata imamu wa msikiti wa pale Mikumi, mzee mpole.

"Sheikh, nina rafiki yangu," nikaanza, nikamweleza habari ya chupa.

"Huyo rafiki yako ana mke?"

"Anaye."

"Daktari alisema mbegu zipatikane bila mke?"

"Hapana, sheikh."

"Basi alale na mkewe, amwage kwenye chupa. Haramu iko wapi?" Akanitazama kwa huruma. "Mwambie rafiki yako asiifanye dini kuwa pazia. Kinachomtisha ni jibu la daktari."

Nililia pale pale, mtu mzima. Kesho yake nikaanza safari ya Msowero.

Nilipofika nilisema mbele ya Mwanaidi na mjomba wake: "Huenda ugonjwa uko kwangu. Nina uvimbe tangu ujanani, niliuficha. Nilimwacha Mwanaidi akaumizwa peke yake."

Mzee Kibwana akasema, "Hilo ndilo neno jipya. Nendeni."

Mwanaidi aliingia ndani, akarudi na chupa ile ile. Alikuwa ameondoka nayo.

Daktari wa Kilosa alituagiza tujizuie siku nne, kisha chupa ifike kabla ya saa moja kupita tangu mbegu zitoke, ikiwa na joto la mwili. Tukapanga chumba karibu na hospitali. Asubuhi ya siku ya tano tulifanya kama sheikh alivyosema, nikaibana chupa kwapani, tukatoka. Hatujafika mbali, tukakutana na mzee aliyemjua baba yangu.

"Shikamoo, baba!"

"Marahaba, mwanangu! Habari za Mvumi? Wazee hawajambo? Mvua je? Mbona mkono umeubana hivyo, umevunjika?"

"Ana jipu kwapani, babu," Mwanaidi akadakia. "Tutarudi tukusalimu vizuri!"

"Jipu! Likandwe na maji ya moto!"

"Joto linalo tayari, babu!"

Akanivuta, tukaenda mbio, naye akicheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake kwa miaka.

Daktari alipima, akaniambia nisimame, nikohoe, akanigusa. "Hii si ngiri. Ni mishipa ya damu iliyovimba, inatia joto korodani. Mbegu zipo, ila ni chache na zimelegea. Mishipa hii inaweza kufungwa kwa upasuaji. Siwezi kukuahidi mtoto. Ikishindikana, kuna kulea yatima. Zungumzeni wawili."

Tulizungumza, tukakubali. Nilidungwa sindano ya mgongo, miguu ikawa kama magogo. Nilichanwa kinenani. Siku tatu mfuko wa korodani ulikuwa mweusi kama biringanya, na kukojoa kulikuwa kwa machozi. Mwanaidi ndiye aliyenishika mabega. Kwa wiki nyingi sikugusa jembe.

Kisha tukangoja mwaka mzima na zaidi. Upasuaji haufuti upweke kwa siku moja. Kila mwezi siku zake zilifika. Hadi mwezi mmoja hazikufika.

Alizaliwa msichana, Zuhura. Siku ya arobaini Mzee Kibwana alisimama mlangoni, akaita, "Mama Zuhura!" Mwanaidi akaendelea kupepeta mchele. Akaita tena. Hakugeuka.

"Ni wewe," nikamwambia.

Wewe mume unayesoma haya, nenda na mkeo siku ya kwanza, ukae naye kwenye benchi. Mpimwe wote wawili. Lenye kukutatiza katika dini, liulize mapema. Wengine hutibiwa wasipate mtoto, nao hawana hatia. Lakini asiachwe mmoja kubeba peke yake.

Mungu akufungulie, msomaji, pale ulipofungwa. Akikuchelewesha, akupe wa kungoja naye. Amin.