Mayai ya Siku Ishirini na Moja

Mume wangu alipoleta mashine ya kutotolesha vifaranga pale nyumbani Kiomboi, alitangaza kama mtu aliyejenga hospitali. Kila aliyesikia akaja kuiona, na kwetu mgeni wa heshima huchinjiwa jogoo. Wakaja wajomba zake, wakaja wanakwaya, akaja balozi wa nyumba kumi na mkewe. Wote walisimama mbele ya lile boksi, wakatikisa vichwa, wakanawa mikono. Mwezi haukuisha, bandani hakubaki hata wa kuwika.

Yeye aliendelea kuokota mayai kwa furaha mpaka mashine ikajaa.

Mimi nilikuwa na jambo langu. Ugonjwa wa kideri ulikuwa umemaliza kuku wote wa mama yangu kule Misigiri, na nilikuwa nimemwahidi vifaranga ishirini. Mama hana kitu kingine anachokiita chake. Siku ya kumi nikamulika mayai kwa tochi ya simu. Yai lenye mbegu huonyesha mishipa myekundu. Haya yalikuwa meupe pee.

"Hayana kitu," nikamwambia. "Jogoo wa kuwapanda hao matetea alitoka wapi?"

"Mashine haina haraka kama wewe," akajibu, akaufunga mlango wa mashine.

Siku ya ishirini na moja hakikulia kitu. Siku ya ishirini na tatu mtaalamu wangu akatoa wazo: tumpelekee muuza chipsi wa stendi, kwani yai lisilo na mbegu haliozi. Mayai yaliyokaa wiki tatu kwenye joto la kuku! Nikamuuliza kama sahani ya kwanza ataila yeye. Akaenda kuongeza maji kwenye mashine.

Yaliyonuka niliyafukia shimoni, mbali na mbwa. Yaliyobaki nikayachemsha mpaka yakawa magumu, nikayaponda na maganda yake, nikachanganya na pumba, nikawapa matetea wale wale waliotaga. Hakuna mwingine aliyefaidi mradi ule, ukiacha wageni.

Jumamosi mama akashuka kwenye basi la asubuhi na tenga jipya la kubebea vifaranga alilosuka mwenyewe. Sikuwa nimepata moyo wa kumpigia simu, na nilipoliona lile tenga nilitamani ardhi inimeze. Mume wangu, ambaye heshima haimwishi, akakimbia kwa jirani, akarudi na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, na kisu tayari mkononi.

Mama hazungumzi na mkwewe uso kwa uso. Alipokwisha kuchungulia mashine tupu na banda lisilo na jogoo, akanigeukia mimi, huku mume wangu amesimama pale pale.

"Mwambie mumeo mashine nimeiona," akasema. "Huyo jogoo amfungue, awaachie matetea. Mimi nitakula mlenda."

Akala, akashukuru, akabeba tenga lake tupu. Nilimsindikiza stendi nikilia kwa aibu, na yeye ndiye aliyekuwa akinibembeleza.