Mabawa ya Ishengoma

Ndege ya Wazungu iliposhuka Bukoba, Ishengoma wa Maruku alikwenda kuitazama, akarudi shingo imekakamaa kwa kuangalia juu. Tangu siku hiyo kahawa ilimkaukia mtini na migomba ikamezwa na magugu. Mwenyewe yuko uani, anafunga matete na kuyavika lubugo, gome la mti lililopondwa likawa nguo. Mwalimu wa kanisani alikuwa amemwambia kwamba kuruka kulianzishwa na ndugu wawili, mafundi wa baiskeli. Ishengoma baiskeli hakuwa nayo, lakini ndugu alikuwa naye.

Ndugu huyo, Lwakatare, ndiye aliyemtia moyo kuliko wote. "Kaka, una mwili mwepesi wewe. Ukiruka asubuhi, mchana utakula mji wa Kemondo."

Kemilembe, mke wa Ishengoma, aliyasikia hayo akiwa jikoni. Alikuwa amezaa mabinti watupu, Jovitha na wadogo zake. Mumewe akifa, kibanja chote, nyumba na migomba, kingekwenda kwa Lwakatare, naye angerudishwa kwao na ungo wake tu. Tena alikwisha kumwona shemeji akiitazama ile migomba kama mtu anayechagua mbuzi wa kuchinja.

Siku ya kuruka, kijiji kizima kilipanda kwenye ukingo wa jabali. Wazee walibeba vibuyu vya pombe ya ndizi, tayari kwa sherehe au kwa msiba, lolote litakalotangulia. Ishengoma akafungwa mabawa.

"Haya kaka, ruka!" Lwakatare akapaza sauti.

"Ngoja, shemeji," Kemilembe akasema. "Kwetu hapa anayemkaribisha mtu pombe huonja kwanza, mgeni ajue haina sumu. Wewe ndiye uliyemkaribisha kaka yako huku. Onja."

Wazee wakaangua kicheko. "Kweli waitu, mwenzetu! Onja, Lwakatare!"

Lwakatare akachungulia miamba iliyokuwa chini. Akasema goti linamuuma. Halafu tumbo. Halafu akakumbuka kwamba ng'ombe wake hawajanyweshwa.

Ishengoma alimtazama ndugu yake akienda zake mbio mbio, mpaka akapotelea migombani.

"Tumepanda mlima bure," akanung'unika mzee Mutalemwa.

"Nafasi bado ipo, baba," Kemilembe akamjibu, akimwonyesha ukingo.

Ishengoma akanyoosha mikono kwa mkewe. "Nifungue, Mama Jovitha. Lakini polepole, lubugo lisichanike."

Kemilembe akachomoa kisu, akakata kamba, na lubugo akalichana kusudi.