Baba Kwenye Nguzo ya Setilaiti

Baba alizama baharini kule Gongoni, na mwili haukupatikana. Kwetu Ganda, mzee kama yeye huchongewa kigango, nguzo ya mti inayomweka marehemu karibu na watu wake. Sisi wanawe tulikuwa tumeshaokoka, tukakataa katakata. 

Kisha wakaja wapimaji. Walituomba kona ya shamba, wakamwaga zege na kusimamisha nguzo yenye kofia nyeupe. Walisema kofia ile husikiliza setilaiti, na setilaiti hizo hupima umbo la dunia na nguvu yake ya kuvuta vitu. Wakatuonya nguzo isisogezwe hata kidogo. Lo, onyo hilo ndilo lililotumaliza, maana kigango nacho hakisogezwi! Wiki haikuisha, Mama akawa anaimwagia tembo la mnazi na kuiamkia kwa jina la Baba.

Nilimfokea weee, ikawa kumpigia mbuzi gitaa. Halafu akaanza kusema kwamba marehemu humnyanyua kitandani, taratibu, kisha humshusha. Hapo niliingiwa na hofu. Nilimsimulia fundi aliyekuja kuikagua nguzo, nikitumaini atacheka nami nipate kucheka. Hakucheka. Alisema ardhi yote hupanda na kushuka kila siku, mwezi na jua vikiivuta kama vinavyoivuta bahari, na nguzo yetu huonyesha hivyo. Ila binadamu hawezi kuhisi, kwa kuwa nyumba, minazi na sisi wenyewe hupanda pamoja. Nywele zilinisimama, na jua la saa sita lilikuwa kali.

Nikaona heri nimhamishie kwangu Malindi kabla akili hazijamruka kabisa. Alikuja bila ubishi, akaacha kula. Akawa analala chali mchana kutwa, macho darini, kama anayesubiri mgeni. Alikonda mpaka pete ikamvuka kidoleni. Roho iliniuma, nikamwambia hata huku ardhi hupanda, fundi kasema mwenyewe.

"Najua inapanda," akanijibu. "Lakini huku inapanda yenyewe."

 Nilitaka mama aliye hai, basi, hayo mengine nimwachie Mungu. Nilimrudisha Ganda siku ile ile. Alikula sahani nzima ya sima bila kuinua kichwa, akanawa mikono, akapanda kitandani kwake. Halafu akasogea ukutani, akaacha nafasi ya mtu.