Alama ya Ngamia kwenye Tairi

Nikipita kwa fundi wa tairi, harufu ya mpira wa moto hunirudishia ayeyo, bibi yangu. Jino moja la tairi la trekta yetu lilichanika, na bila trekta shamba la kando ya Tana lisingelimwa. Tulipolipeleka kutengenezwa, ayeyo, akiogopa fundi atatubadilishia tairi, alilichonga kwa kisu alama tunayowachoma ngamia wetu.

"Mama, tairi si ngamia," fundi alicheka.

"Hata ngamia anabadilishwa, fundi."

Tulipolifuata, mpira mpya ulikuwa umefunika alama. Juu yake fundi alikuwa ameichonga upya, safi kuliko ya kwanza. Ayeyo aliipapasa kwa muda mrefu, akamshukuru.

Njiani aliniambia, "Sasa anajua kuchora alama yetu. Leo ngamia walale karibu."