Kisahani na Jiwe la Baba

Nina hasira za karibu, na kwa miaka mingi nilidhani ndizo zinazorusha kisahani. Nilikuwa nakishika, namkumbuka mtu aliyenikera wiki ile, nazunguka na kukiachia kwa nguvu zote nilizojaliwa. Kiliruka, sikatai. Lakini hakikuwahi kulipita jiwe la baba.

Jiwe lenyewe liko nyumbani kwetu Mabawe, kwenye ukanda wa majani ya mbuzi unaoteremka kutoka uani hadi bondeni, migomba upande huu na kahawa upande ule. Ni jiwe la kijivu, ukubwa wa chungu cha maharage cha nyumba yenye watu wengi. Baba alikuwa mrushaji alipokuwa shuleni, akachaguliwa hadi timu ya wilaya, na alipomaliza wakampa kisahani kimoja cha zamani, cha mbao chenye ukingo wa chuma. Siku alipokileta nyumbani alisimama kwenye kisiki cha mkaratusi pembeni mwa ua, akarusha, na kilipoangukia akaweka jiwe. Hivyo ndivyo tulivyosimuliwa, na hapakuwa na wa kubisha, maana hata mama alikuwa bado hajaolewa.

Kaka zangu ni watatu. Kila alipooa mmoja, baba alimpimia kipande chake cha migomba, wazee wa ukoo wakashuhudia, pombe ya ndizi ikanywewa. Mimi ni binti, na kwetu binti anatarajiwa akalime huko atakakoolewa. Nilikuwa darasa la sita kaka mkubwa alipopewa chake, na nikamuuliza baba mbele za watu, mimi fungu langu liko wapi. Wageni walicheka. Mama alinikata jicho. Baba hakucheka, aliingia ndani, akakitoa kisahani kwenye msumari kilipokuwa kinaning'inia, akaniambia siku nitakayolipita lile jiwe kitakuwa changu. Sikuomba kingine. Ni kitu pekee cha baba ambacho niliambiwa naweza kukipata.

Kesho yake nilianza kurusha. Nilihesabu hatua kutoka kisiki hadi jiwe, zikawa arobaini. Kisahani changu kilikuwa kinaanguka nusu ya njia, mbuzi wakiruka huku na huku. Nilipokuwa sekondari nilirudi likizo nikahesabu tena, arobaini. Nilipokuwa chuo cha ualimu zilikuwa thelathini na tisa, nikasema nimekosea moja. Kila likizo nilikaribia kidogo, na kila likizo nilipungukiwa hatua tatu au nne, nikarudi shuleni nimenuna. Baba alikuwa anasimama mlangoni na kikombe chake cha chai ya rangi, anaangalia, anasema neno moja tu, "Bado."

Nilipangiwa kazi Biharamulo, shule iliyo kwenye ardhi tambarare, jirani na wafugaji na wakulima waliotoka Shinyanga na Mwanza. Wakati wa michezo ya walimu waliuliza nani anajua kisahani, nikanyoosha mkono kabla swali halijaisha. Niliwaambia wenzangu wasogee nyuma, wasogee zaidi, watoto waondolewe kule mwisho wa uwanja. Kisha nikarusha. Kisahani kilianguka karibu sana, hata wale niliowasogeza hawakuwa na haja ya kusogea.

Mwalimu mwenzangu wa hisabati alikuja kupima, akaniuliza nyumbani nilikuwa narushia wapi. Nikamweleza. Akacheka mpaka akakaa chini. Aliniambia kwamba sisi watu wa milimani tunarushia mabondeni, halafu tunahesabu na mteremko kama wetu. Nilikasirika siku tatu. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa anasema kweli. Miaka yote ile mlima ulikuwa unanibebea kisahani, na hata kwa msaada wake nilikuwa bado sijafika kwenye jiwe.

Ningeweza kuacha. Lakini mwaka huohuo kaka mdogo alipiga simu kwamba baba ameanguka shambani, ni kiharusi, upande wa kulia umelala. Nilikwenda, nikakaa naye hospitali hadi akaruhusiwa. Aliamka, akajifunza kutembea kwa fimbo, maneno yakarudi moja moja. Mkono wa kulia haukurudi. Niliutazama ukiwa juu ya blanketi, mkono ule wa mrushaji, nikatoka nje nikalia. Tangu siku hiyo nilikuwa na jambo moja tu kichwani: nilipite jiwe baba akiwa bado yupo wa kuona. Kisahani cha urithi wa msibani sikukitaka. Nilikitaka kutoka mkononi mwake, hata uwe wa kushoto.

Nikaanza mazoezi ya kweli, kila siku baada ya vipindi, kwa kisahani cha shule. Nilitazama picha za warushaji kwenye simu hadi bando likaisha. Niliongeza nguvu, nikabeba ndoo mbili mbili, nikapiga pushapu chumbani. Kisahani kiliendelea kuanguka palepale. Na kadiri nilivyotia nguvu ndivyo kilivyoinua pua, kikasimama hewani kidogo, kikadondoka.

Nyuma ya uwanja wa shule kuna shamba la mama mmoja Msukuma, mjane mwenye wajukuu wengi, anayeongoza kikundi cha kulima. Msimu wa kulima wanakuja watu ishirini, wanajipanga mstari, mmoja anapiga ngoma, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Siku moja nilikuwa nimerusha mara kumi na zote zimeharibika, nikakitupa kisahani chini kwa hasira. Yule mama alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta wa darasa, anapumzika. Kumbe alikuwa ananitazama kwa siku nyingi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha mnadani:

"Mwalimu, mkono wako una halaka. Unafika kabla mwenyewe hujafika."

Nilitaka kumjibu vibaya. Nilijizuia kwa sababu ya umri wake tu. Akaniambia nije nisimame kwenye mstari wao, nilime nao kidogo, nitaona.

Nilikwenda nikijua kulima. Nani kwetu hajui. Baada ya robo saa mgongo ulikuwa unawaka, na wao walikuwa wanaimba. Mimi nilikuwa nalipiga jembe chini kwa mkono. Wao hawakulipiga. Jembe lilipopanda, lilikaa juu kidogo, likingoja ngoma. Mguu ulikanyaga kwanza, kiuno kikafuata, bega likashuka, na jembe likaja mwisho, karibu lenyewe. Mama yule alinisimamia nyuma, akanishika kiuno kwa mikono miwili bila kuniomba ruhusa, akawa ananizungusha kwa ngoma. Kila nilipotaka kutangulia alinizuia. Nililima nao hadi jua likaanza kuteremka, na kwa mara ya kwanza nikajua kwamba kungoja nako ni sehemu ya kazi.

Kesho yake nilikuwa uwanjani na ngoma ikiwa kichwani. Sikutia nguvu. Nilikishika kisahani kwa vifundo vya mwisho vya vidole, mkono ukiwa umelegea na kubaki nyuma kabisa. Nikazunguka juu ya mguu wa kushoto polepole, nikautua wa kulia katikati, nikaukanyaga wa kushoto mbele, nikaacha kiuno kigeuke. Mkono ulitaka kukimbia. Niliuzuia hadi kifua kikavutika kama ngozi ya ngoma, ndipo ukaja wenyewe, na kisahani kikatokea kwenye kidole cha shahada kikizunguka kimya. Kilikwenda kimelala vizuri juu ya hewa. Hakikuinua pua. Kiliangukia mbali na alama yangu ya zamani, nami nikabaki nimesimama, mkono mbele, nikicheka peke yangu.

Haikuwa kila mara. Katika kurusha mara kumi nilipata mbili, miezi ikapita nikapata tano. Nilijifunza pia habari ya upepo. Zamani nilikuwa naupenda wa mgongoni, nikidhani utasukuma. Kumbe wa usoni ndio unaokibeba kisahani, mradi usiuringie kwa kukirusha juu. Mwalimu wa hisabati alipima tena na safari hii hakukaa chini. Kuhusu hasira, sikuziacha, ila niligundua kwamba zinauwahisha mkono. Siku niliyogombana na mtu sikurusha.

Likizo ya Juni nilipanda basi la Kabanga, nikashuka njiani, bodaboda ikanimalizia hadi nyumbani. Baba alikuwa kwenye kiti uani, amevaa koti ijapokuwa jua lilikuwa limeshatoka. Nilimwamkia. Aliitikia, akanitazama mabega, akasema nimekuja kurusha. Nikamwambia ndiyo. Akamtuma mama kukitoa kisahani msumarini.

Mama aliwafungua mbuzi akawaondoa. Nilisimama kwenye kisiki. Upepo wa bondeni ulikuwa unaanza kupanda, ukinipiga usoni. Nilingoja. Nilikuwa naogopa, na sioni aibu kusema hivyo. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu mwenye wanafunzi mia, naogopa kipande cha mbao. Nikaisikiliza ile ngoma ya kichwani, nikazunguka, mguu, kiuno, bega, na mkono nikauacha uje mwisho.

Kisahani kilipita juu ya jiwe kikiwa bado hewani. Kilitua kwenye majani ng'ambo yake na kuteleza kidogo.

Mama alipiga kigelegele. Mimi niliteremka nikihesabu hatua, kwa sababu nilitaka namba ya kumwambia baba. Kufika kwenye jiwe zilikuwa arobaini. Hapo nikasimama. Niliitazama miguu yangu. Nina urefu wa kumpita kaka mkubwa; hatua yangu moja ni hatua moja na nusu ya yule msichana wa darasa la sita. Na yeye naye alihesabu arobaini. Nilirudi nyuma kwa macho hadi kwenye kisiki, nikaona jinsi kilivyo mbali. Miaka yote hiyo nilifundisha watoto kupima, na sikuwahi kujiuliza.

Nilichukua kisahani nikapanda mlima. Hasira zilipanda nami. Nilimuuliza baba jiwe lake lilikuwa wapi mwanzoni.

Alinyoosha fimbo kwa mkono wa kushoto, akaelekeza pale ukanda unapoanza kuteremka kwa kasi, karibu na mti wa kwanza wa kahawa. Mahali hapo nilipapita nikiwa kidato cha pili. Alikuwa analisogeza kila likizo ilipoisha nikaondoka, asubuhi akienda kukata majani ya mbuzi. Mama aligeuka akajishughulisha na kamba za mbuzi, nikajua naye alijua.

"Kaka zako wana migomba," baba alisema taratibu, akitafuta kila neno. "Migomba inawarudisha. Wewe ningekupa kisahani, mama, ungeondoka nacho. Ungerudi kufanya nini hapa?"

Nilifikiria likizo zote zile, wenzangu wakienda Mwanza kutembea, mimi nikiwahi basi la kwetu kwa sababu ya jiwe. Nilifikiria mazishi niliyokuta, mavuno niliyosaidia, jioni nilizokaa jikoni na mama nikisubiri kesho nirushe tena. Hasira bado zilikuwepo, lakini zilikuwa hazina pa kushika.

Baba alikitazama kisahani mkononi mwangu.

"Sasa ni chako," akasema. "Mwaka huu na ule uliopita sikuweza kulisogeza."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza kwa nini hakupalilia. Nilikuwa nimelipita jiwe, na nililipata likiwa limesimama kwa sababu mkono wake umelala. Nilitaka kumwambia habari ya mama Msukuma na ngoma, kwamba hata angelisogeza ningelifikia. Pengine ni kweli. Sikumwambia.

Nilishuka tena hadi kwenye jiwe. Nililikumbatia, nikaliinua kwa kiuno, siyo kwa mkono. Ni zito jamani. Nilijiuliza alilibebaje kila mara, na mundu na mzigo wa majani juu yake. Nilitembea nalo hadi nilipoona alama ya kisahani kwenye majani, nikapita, nikaongeza hatua tano, nikaliweka chini na kulikanyagia udongo pembeni lisibingirike.

Nilipofika uani nilikining'iniza kisahani kwenye msumari wake, nikamwambia baba nitarudi Desemba. Alikuwa ameinama mbele kwenye kiti, anaangalia bondeni, akikadiria kwa jicho. Kisha akasema, "Bado."